Lango la Oldhanger

Wickerhurst, Sussex
6 Machi 1994

Wifi yangu Enid,

Hali yako nimeipata kwa binti yako Lorna, kwa hiyo sitapoteza wino kuulizia nyonga yako. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu husikii, na hili nataka ulipate neno kwa neno: lango la Oldhanger limefungwa kwa mnyororo.

Jumapili nilitoka kama kawaida. Kanisani, nikashuka kwa kina Stubbington, nikaingia msituni. Tope mpaka vifundoni, mialoni iko palepale ilipokuwa kabla babu wa babu zetu hajazaliwa, hakuna jipya. Nafika pale miti inapoishia na nyika inapoanza, nakuta mnyororo, kufuli kubwa, na kibao kinasema hapa ni mali ya mtu, usipite. Loo! Nilisimama nikaitazama nyika yote ng'ambo ya lango, vichaka vya miiba vimeshaanza kutoa maua ya njano, na mimi siwezi kufika. Na magoti haya, nikwee lango? Ikabidi nirudi nilikotoka. Unajua ninavyochukia kurudi nilikotoka.

Ni huyu Bwana Lorimer aliyenunua shamba la Kanali Tuffnell. Nilikwenda kumwona. Akanikaribisha vizuri, akanipa kahawa, kisha akaniambia, "Bi Penfold, si mnaweza kutumia barabara?" Barabara! Ile ya malori ya kokoto, isiyo na hata kijia cha pembeni! Bila lango lile mzunguko wetu umekatika katikati. Unaingia msituni unarudi, au unapanda nyikani kutokea upande wa bwawa unarudi. Huko si kutembea, ni kwenda chooni na kurudi. Nikiacha kuzunguka, wifi, nitaishia kwenye kile kiti cha dirishani kama mama, na ulimwona mama alivyoisha. Naogopa, nakwambia kweli.

Tumefanya mkutano ukumbini. Wamenipa uenyekiti kwa sababu hakuna mwingine aliyeutaka. Bwana Ockenden, yule wakili mstaafu, ametueleza kwamba sheria iko upande wetu. Njia ikitembewa na watu miaka ishirini mfululizo, hadharani, bila kuvunja uzio na bila kuomba ruhusa ya mwenye ardhi, inakuwa njia ya watu wote, na hakuna wa kuifunga. Hilo la ruhusa ndilo kubwa. Ukiomba, umekiri kwamba ni hisani yake, na matembezi yako hayahesabiwi hata kama umetembea mpaka soli zikaisha. Juni atakuja mkaguzi wa serikali kutusikiliza.

Sasa nani ametembea kuwashinda wewe na marehemu kaka Aubrey? Kila Jumapili, mvua isimame isisimame, tangu mlipooana. Nyinyi ndio ushahidi wangu mkubwa. Hebu kaa chini uandike: mlipita lini, wapi, mara ngapi, na kwamba hamkumwomba mtu. Nisaidie upesi.

Wifi yako,
Thirza


Hexham
20 Machi 1994

Wifi Thirza,

Barua yako imefika, asante. Huku bado baridi. Lorna amesoma mahali kwamba nyama ni mbaya kwa wazee, sasa ananilisha dengu asubuhi na jioni. Ukiniona utadhani nimetoka jela. Mtoto wake ameota jino la pili na analitumia kwenye vidole vyangu.

Habari ya lango imenisikitisha sana. Lakini haiwezekani mkazungumza na huyo Bwana Lorimer taratibu? Watu wa namna hiyo wakiendewa vizuri hulainika. Kanali naye alikuwa na sura ya mbwa wa bandani, lakini kwetu alikuwa mtu mwema.

Kuhusu ushahidi, nitatazama. Kumbukumbu yangu siku hizi si ya kuapia. Nadhani mna watu wa kutosha hapo kijijini bila ya mimi.

Nakutumia soksi za sufu, nimezifuma mwenyewe.

Wifi yako akupendaye,
Enid


Wickerhurst
3 Aprili 1994

Wifi,

Asante kwa soksi. Nimezivaa, zina joto. Sasa tuachane na soksi.

Kumbukumbu gani unayoisingizia? Wewe ambaye mpaka leo unakumbuka kofia niliyovaa kwenye harusi yako, na bado unaisema? Jamani!

Eti tuna watu wa kutosha. Hebu nikuhesabie watu wenyewe. Nusu ya kijiji wamehamia juzi, wana mbwa wazuri na viatu vizuri lakini hawana miaka ishirini. Waliozeeka nasi wengi wako makaburini. Waliobaki ni mimi na Perce Stubbington. Perce! Mtu asiyejua sabuni ni ya nini. Ametoa ushahidi wake mbele ya Ockenden, na nusu yake haifai kusomwa ukumbini. Anasema siku moja Kanali alimsimamisha nyikani akamwambia awafunge mbwa wake, naye Perce akamjibu akafie mbele, akaendelea na safari. Ockenden alifurahi kama mtoto. Anasema huo ndio ushahidi wa dhahabu, maana hakuna atakayedai kwamba mtu yule aliomba ruhusa. Tatizo ni kama kuna atakayemwamini.

Na mimi nimeshaandika wangu. Nimesema sijamwomba mtu ruhusa ya kutembea tangu nizaliwe, na sitaanza sasa. Nimeeleza mpaka ile miaka sita ambayo mimi na kaka hatukusemezana, baada ya yeye kuiuza nyumba ya mama bila kuniuliza. Nimeona aibu kidogo kuyaandika, lakini Ockenden alisema yanafaa, yanaonyesha wawili tulipita kila mmoja kivyake. Nyinyi mkianzia kanisani, mimi nikianzia bwawani makusudi nisiwaone migongo. Lakini mzunguko ni mzunguko, lazima mkutane mahali. Kila Jumapili palepale langoni. Yeye analishika wazi, mimi napita, kimya, hata habari hakuna. Wewe peke yako ndiye uliyekuwa ukisema "Hujambo Thirza" na mimi najitia nimesikia ndege.

Sasa naanza kujiuliza. Ni ile nyumba ya mama? Umeniwekea kinyongo kwa maneno niliyomtolea mume wako wakati ule? Kama ndivyo, sema. Tulipatana naye, nilikuja mwenyewe kumdunga sindano alipougua kifua, na sindano ile aliilalamikia mpaka alipokufa. Nilidhani na wewe umesahau. Usinipige chenga kwa soksi, Enid. Niambie una nini.

Thirza


Hexham
11 Aprili 1994

Wifi yangu,

Sina kinyongo. Tafadhali kaa kwanza, ndipo usome.

Aubrey aliomba ruhusa.

Si mara moja. Kila Januari. Unakumbuka nilivyokuwa nikipika jemu ya machungwa machungu baada ya Mwaka Mpya, na chupa ya kwanza ilikuwa haiguswi mezani? Ulikuwa ukiuliza inakwenda wapi, nakwambia kanisani. Ilikuwa inakwenda kwa Kanali. Aubrey alivaa tai, akaibeba mwenyewe, nami nikamfuata, tukasimama kwenye kizingiti cha mlango wa nyuma. Akavua kofia akasema: "Kanali, ni sisi akina Penfold. Tunaomba kupita tena mwaka huu." Kanali anapokea jemu, anaitazama juani, anasema, "Piteni, piteni. Ila mfunge lango." Yamekwisha. Tunarudi nyumbani.

Nilimwambia mara nyingi, Aubrey, mbona kila mtu anapita tu? Akanijibu, "Kila mtu na malezi yake. Mimi siwezi kukatiza uwanja wa mtu kama mbuzi." Ulimjua kaka yako. Alikuwa akibisha hodi mpaka bandani kwake mwenyewe kama mimi nimo ndani.

Sasa lililo gumu zaidi. Kanali alikuwa mtu wa jeshi, alipenda kujua idadi. Alimuuliza, akina Penfold ndio nani na nani? Na Aubrey akamtajia. Mimi, mke wangu, na dada yangu. Watatu.

Ulipoandika kwamba hujawahi kumwomba mtu, moyo ulinipasuka. Hukuomba kweli. Uliombewa.

Siwezi kuandika ushahidi wa uongo, wifi, usiniombe. Lakini naweza kunyamaza. Nimekuwa nikinyamaza tangu barua yako ya kwanza, ndiyo maana ya zile soksi. Kanali hayupo, Aubrey hayupo. Anayejua ni mimi na sasa wewe. Nakuachia uamue.

Enid


Wickerhurst
14 Aprili 1994

Enid,

Watatu! Nani alimtuma? Mtu mzima, muuguzi wa wilaya nzima, nimezalisha watoto wa watu usiku na mchana, ninaombewa ruhusa ya kutembea kama mtoto wa shule anayetaka kwenda kukojoa! Na kwa jemu! Angekuwa hai ningemrudia na sindano nyingine.

Nimezunguka jikoni mpaka paka amenikimbia.

Basi. Kanali amekufa, kaka amekufa, jemu imeliwa. Usiandike ushahidi wowote. Nitawaambia nyonga yako haikuruhusu kuja, na hilo ni kweli. Mimi nitasimama niseme ninayoyajua, na hili nitajifanya silijui. Watu wanataka lango lao, na mimi nalitaka kuliko wote. Sitaliacha lipotee kwa sababu Aubrey alilelewa vizuri kupita kiasi.

Funga mdomo nami nifunge wangu.

Thirza


Wickerhurst
23 Juni 1994

Wifi,

Nimesema. Nimesema yote, mbele ya ukumbi mzima.

Mkaguzi alikuja jana. Mwanamke wa makamo, kimya, buti zake zimejaa tope. Kumbe asubuhi alishauzunguka mzunguko wote peke yake, Lorimer alimfungulia. Nikampenda papo hapo. Nikaapa. Nikaeleza vizuri tu, kanisani, msituni, langoni, nyikani, bwawani, watu wakanipigia makofi. Nikadhani nimemaliza. Ndipo akasimama wakili wa Lorimer, kijana mwenye sauti ya taratibu, akaniuliza swali moja: "Bi Penfold, katika familia yenu yupo aliyewahi kumwomba Kanali Tuffnell ruhusa?"

Nilikuwa na neno "hapana" tayari mdomoni, wifi. Nilikuwa nimelifanyia mazoezi kwenye kioo. Halafu yule mkaguzi akainua kichwa akanitazama, anangoja tu, na mimi nikajikuta nasema, "Ndiyo. Kaka yangu. Kila mwaka. Na alituombea sote watatu." Ockenden akafunika uso kwa mikono. Kutoka nyuma nikamsikia Perce, "Ebo! Aubrey, mjinga wewe!" Marehemu anatukanwa ukumbini na mimi siwezi hata kugeuka kumtetea.

Kijana hakuridhika. Akafunua karatasi zangu. "Umeandika kwamba kwa miaka sita, kuanzia sabini na sita, wewe na kaka yako hamkuwa mkisemezana. Je, miaka hiyo pia alikuombea?" Nikasema sijui. Na ni kweli, sijui. Mkaguzi akasema kama kuna mtu anayejua, nimwandikie, naye atapokea jibu ndani ya wiki mbili.

Sasa nisikilize, maana ndipo kesi yetu iliposimama. Ockenden amenieleza mara tatu. Kama miaka ile Aubrey hakunitaja, basi miaka ile nilipita bila ruhusa ya mtu, na matembezi yangu yanahesabiwa. Miaka ile ndiyo pengo letu, mingine Ockenden amepata wa kuishuhudia. Hakuna mwingine aliye hai aliyekuwa akipita kila wiki isipokuwa Perce, na wakili wa Lorimer ameshamwita mlevi na mzushi. Nikihesabiwa, lango linafunguka. Kama alinitaja, tumebaki na Perce.

Kwa hiyo, kwa ajili ya lango, naomba aliniacha. Lingekuwa jambo la kawaida kabisa. Mtu hawezi kumwombea ruhusa dada asiyeitikia hata salamu. Mimi nisingemwombea. Nilimwita mwizi mbele ya kaburi la mama, ulikuwepo.

Niandikie kama ilivyokuwa. Usinionee huruma wala usiniongezee chumvi. Nitampelekea mkaguzi barua yako hivyo hivyo. Na ufanye haraka, wifi, kwa sababu silali, na sijui hata mwenyewe nataka jibu lipi.

Thirza


Hexham
27 Juni 1994

Wifi yangu mpenzi,

Nitakueleza Januari ya kwanza, ile ya sabini na saba, kwa sababu naikumbuka vizuri.

Mimi nilidhani atakuacha. Nakwambia kweli, nilitaka akuache. Nilikuwa bado nina hasira nawe kwa yale maneno ya makaburini. Tukafika kwenye kizingiti, akavua kofia, akatoa chupa. "Kanali, tunaomba kupita tena mwaka huu. Mimi, na Enid hapa." Kanali naye hakuwa mjinga, na kijijini hakuna siri. Akasema, "Wawili tu mwaka huu? Nasikia hamsemezani na dada yako."

Aubrey masikio yalimwiva. Alikuwa akiitazama ile kofia yake, anaizungusha mikononi. Nikawaza, haya, sasa atasema wawili.

"Hatusemezani," akasema, "lakini anatembea. Mweke."

Kanali akasema, "Basi watatu. Mfunge lango." Tukaondoka.

Tulipofika karibu na nyumba akaniambia, "Usimwambie. Akijua nimemwombea, hatapita tena, na ataumwa magoti." Ndivyo alivyosema. Na miaka iliyofuata hakusubiri kuulizwa. Sabini na nane, sabini na tisa, yote. Mke wangu na dada yangu. Hakukuacha hata mwaka mmoja, Thirza.

Najua si jibu linalosaidia kesi. Nimelia nilipokuwa naliandika, na Lorna amekuja kuniuliza kama ni dengu. Ningeweza kukuandikia lile jingine na hakuna ambaye angejua. Lakini nimeona ukilikosa lango utakasirika, na ukilikosa hili hutajua kwamba umelikosa. Fanya nalo unavyoona.

Enid


Wickerhurst
18 Septemba 1994

Wifi Enid,

Umeningoja sana, samahani. Kwa wiki kadhaa sikuweza kumwandikia mtu. Barua yako nilimpelekea mkaguzi siku ileile ilipofika, kabla sijajipa nafasi ya kufikiri. Ockenden hakusema nami mpaka mwisho wa Julai.

Uamuzi umetoka. Lango limefunguliwa. Ni njia ya watu wote, msituni mpaka nyikani mpaka bwawani, na itachorwa kwenye ramani.

Huwezi kuamini aliyetuokoa. Mkaguzi aliporudi Julai kumalizia, wakili wa Lorimer alitaka kumaliza habari ya Perce kabisa, akamleta mzee Hobden, aliyekuwa mlinzi wa ndege wa kuwinda wa Kanali, aje kusema Perce ni mtu wa namna gani. Hobden akafika na hasira za miaka. Akasema Perce alikuwa akikatiza pale na mbwa wake kila Jumamosi ya Mungu, miaka yote, hakukosa hata mwaka wa ile theluji kubwa, na kila akiambiwa ashike adabu alirudisha tusi, na matusi mengine Hobden aliyataja. Alidhani anamkomoa. Mkaguzi alikuwa akiandika tu, kalamu haisimami. Wakili alipogundua alichokifanya, rangi ilimtoka. Sasa Perce anapita kijijini anataka kuvuliwa kofia. Nimemnunulia bia moja na nimemwambia asizoee.

Bwana Lorimer ameung'oa mnyororo mwenyewe, sikumwona akinuna. Jumapili nimezunguka. Nilianzia kanisani. Maua ya zambarau yameifunika nyika yote mpaka bwawani, na magoti yamenisumbua kuanzia nusu ya njia. Njoo Oktoba, Lorna akuache wiki moja, hapa utakula nyama.

Sisi watatu hatukuhesabiwa. Wewe na Aubrey mmetajwa kwa mstari mmoja, mimi nina aya yangu peke yangu. Nakunakilia ilivyo: "Nimeridhika kwamba Bi Thirza Penfold alipita kwa ruhusa, iliyoombwa kwa niaba yake na kaka yake kila mwaka bila kukosa, pamoja na miaka ambayo hawakuwa wakisemezana. Matembezi yake hayawezi kuhesabiwa."

Ockenden anasema aya hiyo ina kosa. Ruhusa ambayo mtu haijui pengine si ruhusa kisheria, na yuko tayari kuandika ili ifutwe. Nimemwambia asithubutu kuigusa.

Wifi yako,
Thirza